Matone Matatu kwenye Karatasi: Kemia ya Mafuta Tunayochoma Kila Siku

Ndugu zangu mafundi, madereva, walimu na wanafunzi mlioacha shughuli zenu kuja kunisikiliza, asanteni. Kabla sijaanza, naomba aliye karibu na mlango auache wazi, na madirisha yale pia. Hapa mezani nina vichupa vitatu vyenye vifuniko vya kubana. Cha kwanza kina petroli, cha pili mafuta ya taa, cha tatu dizeli. Ni vidogo kama vya dawa ya kikohozi, lakini sitaki mzaha navyo.

Nadondosha tone moja la kila kimoja kwenye karatasi hii nyeupe. Dada yangu uliyekaa mbele, nishikie, usiipeperushe. Ukiona badiliko lolote nikatize, hata kama niko katikati ya sentensi.

Jambo nililokuja kulisema ni moja. Hawa watatu ni ndugu wa tumbo moja. Wametoka kwenye mafuta ghafi, wameundwa karibu kabisa na atomu za kaboni na haidrojeni, na kila kichupa kina mchanganyiko wa mamia ya kemikali, si kemikali moja. Kinachowatofautisha ni urefu wa molekuli zao na umbo lake. Harufu, kukauka, kulipuka, injini kugonga, yote yanaanzia hapo.

Tuanzie chini ya ardhi. Wengi tumesikia kwamba mafuta ni mabaki ya dinosaria. Dinosaria wa watu wanasingiziwa. Malighafi kubwa ilikuwa viumbe wadogo mno wa majini, planktoni na mwani, waliokufa wakazama kwenye matope ya sakafu ya bahari na maziwa. Huko oksijeni ilikuwa haba, kwa hiyo hawakuoza wakaisha. Matope yaliwafunika tabaka juu ya tabaka kwa mamilioni ya miaka, na kadiri walivyozama ndivyo joto lilivyopanda. Kwanza waligeuka kitu kigumu kinachoitwa kerojeni. Halafu, kwenye nyuzi 60 hadi 120 hivi za Selsiasi, kerojeni ikaanza kutoa mafuta. Joto likizidi sana hapo, molekuli ndefu hukatika na kinachobaki ni gesi. Mwamba nao basi unaweza kuwa mbichi, ukaiva, au ukaungua.

Wala msifikirie ziwa jeusi lililotulia ndani ya pango. Mafuta yamo kwenye vitundu vidogo vya mwamba, kama maji kwenye sponji, na juu yake pana mwamba mwingine usiopitisha kitu, ndio unaoyazuia yasipande.

Yakitoka, hayafanani. Yapo mepesi yenye rangi ya chai, yapo meusi mazito kama lami. Wafanyabiashara huyapima kwa kipimo cha API, yaani cha Taasisi ya Petroli ya Marekani, ambacho kimegeuzwa kichwa chini: namba ikiwa kubwa, mafuta ni mepesi. Maji yamepewa 10. Mafuta ya Brent ya Bahari ya Kaskazini yana karibu 38. Yale mazito ya ukanda wa Orinoco, Venezuela, mengine yako chini ya 10, yaani yakiwekwa majini yanazama. Yapo pia yenye nta nyingi, kama ya Ziwa Albert, Uganda, ambayo kwa joto la kawaida yanagandamana. Ndiyo maana bomba lake la kuelekea Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limesanifiwa liwe linapashwa moto njia nzima, mafuta yabaki kwenye nyuzi 50 hivi.

Utasikia pia "mafuta matamu" na "mafuta machungu". Utamu hapa ni upungufu wa salfa, chini ya asilimia 0.5. Watafutaji wa zamani walikuwa wakiyanusa na hata kuyaonja kidogo ili kujua. Msijaribu nyumbani.

Ukiyapima kwa uzito, mafuta ghafi ni kaboni asilimia 83 hadi 87 na haidrojeni asilimia 10 hadi 14. Kilichobaki ni salfa, naitrojeni, oksijeni, na chembe za metali kama vanadi na nikeli. Sasa twende kwenye kaboni, maana yeye ndiye mwenye nyumba.

Atomu ya kaboni ina mikono minne ya kushikia wenzake. Haidrojeni ana mkono mmoja tu. Kaboni moja ikishikwa na haidrojeni nne, umepata methani, gesi asilia. Kaboni mbili zikishikana mkono, na mikono iliyobaki ikashikwa na haidrojeni, hiyo ni ethani. Tatu, propani. Nne, butani. Propani na butani ndizo zinazojaza mtungi wa gesi ya kupikia. Na ile harufu mbaya mnayoijua si yao, wamewekewa makusudi ili zikivuja pua ijue. Endelea kuunganisha: tano, sita, saba, nane. Hapa tumeingia kwenye petroli, inayochukua molekuli za kaboni nne hadi kumi na mbili hivi. Mafuta ya taa yanaanzia karibu na kumi. Dizeli inafika ishirini na kidogo. Ukivuka hapo kuna vilainishi, nta ya mishumaa, na mwisho kabisa lami ya barabarani. Vitu vyote vya namna hii tunaviita haidrokaboni.

Sasa angalieni kiwango cha kuchemka. Methani inachemka kwenye nyuzi 161 chini ya sifuri. Propani, 42 chini ya sifuri. Pentani yenye kaboni tano, 36 juu ya sifuri, yaani joto la mwili wako tu linatosha. Oktani ya mnyororo ulionyooka, 126. Heksadekani yenye kaboni kumi na sita, 287. Kwa nini? Molekuli hizi zinavutana kidogo sana, lakini zinavutana kila zinapogusana. Chukua nyuzi fupi za kushonea uzirundike mezani, ukipuliza zinatawanyika. Chukua nyuzi ndefu, zitashikana zikawa fundo moja. Mnyororo mrefu una sehemu nyingi za kugusana na jirani, kwa hiyo unahitaji joto kubwa zaidi kumwachia.

Naam, dada? Tone la kwanza halipo. Limeacha alama? Halina hata alama. Ahsante. Hilo ni la petroli, na hatujalipasha moto. Molekuli zake fupi zimejiondokea zenyewe, na sasa zimo humu hewani, ndiyo maana niliomba madirisha.

Tabia hiyo ndiyo inayofanya kiwanda cha kusafisha mafuta kiwezekane. Neno "kusafisha" linapotosha kidogo, kwa sababu kazi kubwa pale ni kutenganisha. Mafuta ghafi yanaoshwa chumvi, yanapashwa moto hadi nyuzi 350 na ushei, kisha yanaingizwa chini ya mnara mrefu. Mnara una moto chini na baridi juu. Mvuke unapanda, na kila aina inapofika mahali palipopoa chini ya kiwango chake cha kuchemka inageuka kimiminika na kudondokea kwenye sinia iliyo hapo, kama matone unayoyaona ukifunua mfuniko wa sufuria. Petroli inatoka karibu na kilele, mafuta ya taa chini yake, dizeli chini zaidi. Yasiyotaka kupanda yanabaki chini. Ukiyaongezea moto yatakatika na kuganda kama makaa, kwa hiyo yanahamishiwa mnara wa pili uliopunguzwa shinikizo la hewa, yachemke bila kuunguzwa.

Kuna kisa ambacho madereva hupenda. Edwin Drake alipochimba kisima chake Titusville, Pennsylvania, mwaka 1859, akakuta mafuta kwenye kina cha mita 21 tu, hakuna aliyekuwa akitafuta petroli. Watu walitaka mafuta ya taa, mwanga wa usiku. Petroli ilikuwa karaha, inawaka ovyo na haina mnunuzi wa maana, na wenye viwanda wengine waliimwaga. Magari yalipokuja mambo yakapinduka: sasa petroli haitoshi na mafuta mazito yamebaki mengi. Mnara hauwezi kukupa usichokuwa nacho ndani ya pipa, na pipa lina lita 159, basi.

Jibu lilikuwa kukata. Mwaka 1913 William Burton alipata hataza ya njia ya kupasha mafuta mazito kwa moto mkali na shinikizo mpaka minyororo mirefu ikatike vipande vifupi, na petroli iliyopatikana kwenye pipa ikakaribia kuongezeka maradufu. Baadaye Mfaransa Eugène Houdry akaonyesha kwamba ukitumia kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha kazi chenyewe kisiliwe, unakata vizuri zaidi. Mwaka 1942 kule Baton Rouge, Louisiana, ukaanza mtambo ambao unga wa kichocheo unatiririka kama maji: unakata mafuta, unavikwa masizi, unapelekwa chumba cha pili masizi yachomwe, unarudi kazini. Mzunguko huo bado upo kwenye viwanda vya leo. Mimi nauhesabu kuwa mojawapo ya mambo mazuri kabisa yaliyowahi kubuniwa na wahandisi, na hakuna anayeupigia makofi.

Sasa umbo. Hapa mafundi wakae vizuri.

Ndani ya injini ya petroli, pistoni inakandamiza mchanganyiko wa hewa na mvuke wa petroli, halafu plagi inatoa cheche. Moto unatakiwa uanzie kwenye cheche na kusambaa kwa utaratibu. Lakini kukandamiza kunaleta joto, na petroli isiyofaa hujiwasha yenyewe pembeni kabla moto wa cheche haujafika. Mawimbi ya shinikizo yanapiga kuta za silinda. Ule mlio wa kugonga unaousikia gari likipanda mlima na gia kubwa ndio huo, na ukiachwa uendelee unatoboa pistoni.

Mnyororo ulionyooka huvunjika na kujiwasha upesi. Mnyororo wenye matawi, uliojikunyata kama kichaka, huvumilia. Miaka ya 1920 ikachaguliwa mizani: heptani iliyonyooka ikapewa sifuri, na isooktani, yenye kaboni nane na matawi, ikapewa 100. Petroli inayogonga sawasawa na mchanganyiko wa isooktani 95 na heptani 5 ndiyo tunayoiita ya oktani 95. Oktani iliyonyooka, yenye kaboni zilezile nane na haidrojeni zilezile kumi na nane kama isooktani, inapata namba iliyo chini ya sifuri. Atomu ni zilezile na idadi ni ileile, umbo tu limebadilika.

Kwa hiyo namba ya oktani inapima uvumilivu. Nguvu iliyomo ndani ya lita haitofautiani sana. Gari ambalo mtengenezaji wake ameliandikia 91 halipati mabawa ukilijaza 98, unalipia tu. Ila lile lililoandikiwa 98, lenye mkandamizo mkubwa au taabo, kile kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi, usilinyime.

Njia ya mkato ya kupandisha oktani iliwahi kutugharimu sana. Desemba 1921, Thomas Midgley na wenzake kwenye kampuni ya General Motors waligundua kwamba kiasi kidogo cha risasi, metali ile, ikiwa katika kemikali iitwayo risasi ya tetraethili, kinanyamazisha kugonga. Ilifanya kazi kweli. Na ilikuwa sumu kweli: mwaka 1924 wafanyakazi waliokuwa wakiitengeneza walikufa. Ikaendelea kuuzwa kwa miongo mingi, ikitoka kwenye mabomba ya moshi na kuingia kwenye damu na akili za watoto. Nchi ya mwisho kuacha kuiuzia magari ya barabarani ilikuwa Algeria, Julai 2021. Miaka mia moja. Siku hizi oktani inapandishwa kiwandani kwa kuzipinda molekuli zilizonyooka, au kwa kuongeza vitu kama ethanoli.

Dizeli inataka kinyume chake. Injini aliyoibuni Rudolf Diesel, iliyofanya kazi sawasawa mwaka 1897, haina plagi ya cheche. Inakandamiza hewa peke yake mpaka ifike nyuzi zaidi ya 500, halafu mafuta yanapulizwa humo kupitia nozeli na kujiwasha. Hapo unaitaka molekuli iliyonyooka, inayoshika moto bila kubembelezwa. Kipimo chake ni setani, jina jingine la ile heksadekani yenye kaboni kumi na sita, iliyopewa 100. Sifa ya petroli ndiyo kasoro ya dizeli.

Mzee wangu pale nyuma ananyoosha mkono. Anauliza: kama dizeli inajiwasha upesi, mbona ukiitupia kiberiti inazima, na petroli inalipuka? Swali hili nimelisubiri tangu nianze.

Mzee, kuna mambo mawili tofauti hapo. Kimiminika chenyewe hakiwaki, kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Petroli inatoa mvuke wa kutosha kushika moto hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Dizeli haitoi wa kutosha mpaka ipashwe juu ya nyuzi 52 hivi, kwa hiyo kiberiti kinakuta hakuna cha kuwasha. Lakini uondoe kiberiti, uache joto peke yake lifanye kazi: dizeli inajiwasha kwenye nyuzi 210 hivi, petroli inahitaji zaidi ya 250. Petroli ni mwepesi wa kuwashwa, mzito wa kujiwasha.

Nilijifunza hilo kwa nyusi zangu. Ujanani, mahali nilipokuwa kibarua, nilikuwa nikiosha vyuma vyenye grisi kwa petroli kwenye beseni, chini sakafuni. Chumba cha pili, hatua sita au saba toka nilipo, mtu akawasha jiko la chai. Nilichokiona ni ulimi wa buluu ukitambaa sakafuni kuja kwangu. Mvuke wa petroli ni mzito mara tatu hadi nne kuliko hewa, haupandi ukapotea, unatiririka chini kama maji, unaingia kwenye mitaro na chini ya milango mpaka ukutane na moto. Nyusi ziliota tena. Beseni sikuligusa kwa miezi.

Na hapa nisemee taa na majiko ya utambi, maana nimeona watu wazima wakichanganya petroli kidogo kwenye mafuta ya taa "yapate nguvu", au muuzaji anatumia dumu moja kwa vyote. Mafuta ya taa yanatakiwa yasitoe mvuke unaowaka mpaka yafike angalau nyuzi 38. Mvuke wa petroli unashika moto ukiwa asilimia 1.4 hadi 7.6 ya hewa. Ukipungua hauwaki, ukizidi hauwaki pia kwa kukosa hewa. Tangi lenye petroli tupu, kwa joto la kawaida, mara nyingi limezidisha mvuke. Lile lenye mafuta ya taa yaliyotiwa petroli kidogo ndilo linaloangukia katikati ya 1.4 na 7.6, na utambi unaowaka uko juu yake. Kidogo ndicho kinachoua. Mkiwa na shaka na mafuta mliyonunua, fanyeni kama dada huyu: tone kwenye karatasi, mbali na moto. Hebu dada, la pili likoje? Limepungua, lakini doa linaonekana. Sawa. La mafuta ya taa halipotei mara moja kama lile la kwanza. Likipotea lote upesi, yarudishe. Likibaki doa, usiseme yamepona. Petroli kidogo inaweza kujificha humo, na maabara tu ndiyo itakwambia.

Salfa nitaipita haraka. Ikiungua inatoa gesi ya salfa dioksaidi, inayowasha mapafu na kuleta mvua ya asidi, na inaharibu vifaa vya kuchuja moshi wa magari. Kiwandani inaondolewa kwa kuyapitisha mafuta juu ya kichocheo pamoja na haidrojeni. Meli ndizo zilizochelewa: mpaka mwisho wa 2019 ziliruhusiwa mafuta yenye salfa asilimia 3.5, na tangu Januari 1, 2020 kikomo ni 0.5.

Nimeletewa kikaratasi. Mwanafunzi ameandika: "Mwalimu, nimesoma kwamba lita moja ya petroli inatoa zaidi ya kilo mbili za kaboni dioksaidi. Lita yenyewe haifiki kilo moja. Uzito unatoka wapi?"

Umesoma sawa. Lita ya petroli ina gramu 740 hivi, na kati ya hizo kaboni ni kama gramu 630. Ikiungua, kila atomu ya kaboni inajishikia atomu mbili za oksijeni. Kaboni ina uzito wa 12, oksijeni mbili zina 32, jumla 44. Zidisha 630 kwa 44, gawa kwa 12, unapata kilo 2.3. Uzito wa ziada umetoka kwenye hewa uliyokuwa ukiipita barabarani. Kwa uzito, injini inavuta karibu sehemu 14.7 za hewa kwa kila sehemu moja ya petroli. Hewa ikipungua, kaboni inaambulia oksijeni moja badala ya mbili, nayo ni kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inaifukuza oksijeni kwenye damu. Jenereta lisiwashwe ndani ya nyumba, hata kama dirisha liko wazi.

Haidrojeni nayo inapata oksijeni yake na kuwa maji. Piga hesabu ileile: lita moja ya petroli inatoa karibu lita moja ya maji. Asubuhi, gari likiwa bado la baridi, utayaona yakidondoka kwenye bomba la moshi, na kuna wateja huwa wanakimbilia kwa fundi wakidhani gasketi imekufa na maji ya rejeta yanavujia ndani ya injini. Ndugu fundi, kabla hujafungua injini, liache liungurume dakika kumi na tano bomba lipate moto, halafu lizime, lipoe kabisa, ndipo uangalie maji kwenye rejeta. Kama kiwango hakijashuka, mrudishie mteja funguo zake.